Kabla ya kuuita ugonjwa sugu

Kwa wiki kadhaa sasa kuna sauti inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Lubumbashi. Anayezungumza hajitaji jina. Anasema wazungu wamepata njia ya kumaliza kabisa yale magonjwa ya tumbo yasiyopona: wanachukua seli za mgonjwa mwenyewe, wanazisafisha, wanamrudishia, na baada ya hapo mtu anakula pilipili kama zamani. Kisha inakuja sehemu inayowafanya watu waisambaze, kwamba sisi huku hatuambiwi kwa sababu hatuna pesa. Nimetumiwa sauti hiyo mara nne, na mara moja aliyenitumia ni mtu aliyesomea udaktari. Si uongo mtupu. Utafiti wa kupandikiza seli shina kwa wagonjwa wa utumbo upo, umefanywa na watu makini, na matokeo yake yamechapishwa. Ila umesomwa kichwa chini miguu juu. Ninavyousoma mimi, hausemi kwamba dawa imepatikana na sisi tumenyimwa. Unasema kwamba hata kwenye hospitali zenye kila kifaa, upandikizaji huu umewasaidia baadhi, umewaua wachache, na haufai hata kutajwa kabla ya kuthibitisha mambo mawili: kwamba mgonjwa ana ugonjwa huo kweli, na kwamba dawa za kabla yake zimejaribiwa zikashindwa. Hayo mawili ndiyo yanayokosekana kwetu. Tunauita sugu ugonjwa ambao hatujaupa hata jina.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, au tuseme magonjwa, maana ni mawili hasa. La kwanza linaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye mwaka 1932 yeye na wenzake wawili walieleza uvimbe wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba uliofanana na kifua kikuu lakini haukuwa kifua kikuu. La pili ni kolitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana peke yake na kuchubua ngozi yake ya ndani. Crohn ni mkorofi zaidi: unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, unapenya ukuta mzima wa utumbo, unaubana mpaka chakula hakipiti, na pengine unatoboa vijia vinavyotokea pembeni ya makalio na kuvuja usaha miaka na miaka. Yote mawili hutokana na kinga ya mwili kuushambulia utumbo wake yenyewe. Kwa nini inafanya hivyo, jibu kamili halijapatikana. Urithi una mkono wake (mwaka 2001 ilitambuliwa jeni iitwayo NOD2 inayoongeza hatari ya Crohn), bakteria wa tumboni nao wana mkono wao, na uvutaji wa sigara huuzidisha Crohn. Dawa zipo kwa ngazi. Sulfasalazini imetumika tangu miaka ya 1940, hasa kwa kolitisi, kotisoni ilionyesha nguvu yake kwenye kolitisi mwaka 1955 huko Uingereza, ikafuata azathioprini ya kushusha kinga, na mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliximabu kwa ajili ya Crohn, ya kwanza katika kundi la dawa za kibayolojia ambazo sasa ni nyingi. Wapo wanaopitia ngazi zote hizo, wanakatwa utumbo mara mbili, mara tatu, na ugonjwa unarudi. Hao ndio ambao upandikizaji ulifikiriwa kwa ajili yao.

Upandikizaji wenyewe mkulima wa huku ataelewa upesi kuliko mhasibu. Shamba limejaa magugu yaliyoshindikana kwa jembe. Mkulima anachukua mbegu anaiweka nyumbani, anachoma shamba lote, kisha anarudi kupanda. Mbegu hapa ni seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, zile zinazozaa chembe zote za damu na za kinga. Anapewa dawa za kuzichokoza zitoke kwenye uboho na kuingia kwenye mishipa, damu inapitishwa kwenye mashine inayozichuja, na zinahifadhiwa ndani ya nitrojeni kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kisha unawashwa moto: siklofosfamidi, dawa ya kuua chembe, kwa dozi kubwa pamoja na kingamwili za kuua chembe za kinga zilizokosa adabu. Seli zinarudishwa kwa mpira wa damu, mfano wa kuongezewa damu ya kawaida. Kwa siku kumi hivi au zaidi mgonjwa anabaki karibu hana chembe nyeupe. Homa ndogo katika siku hizo ni dharura. Analala chumba cha peke yake, anahitaji antibiotiki nzito zipatikane saa hiyo hiyo, damu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) za kuongezewa, na maabara isiyofungwa usiku. Mawazo ya walioanzisha njia hii yalikuwa kwamba kinga ikizaliwa upya itakuwa imesahau ugomvi wake na utumbo.

Je, imesahau? Huko Chicago, timu ya Richard Burt ilitoa mwaka 2010 taarifa ya wagonjwa 24 wa Crohn waliopandikizwa. Baada ya mwaka mmoja asilimia 91 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Hii ndiyo tarakimu wanayoipenda wasambazaji wa sauti, na ni ya kweli. Wanachokiacha ni mstari unaofuata: baada ya miaka mitano waliobaki bila kurudiwa walikuwa asilimia 19. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kundi hilo lilikuja na jaribio la Ulaya lililoitwa ASTIC, chini ya Christopher Hawkey wa Nottingham, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2015. Wagonjwa 45 waligawanywa kwa bahati nasibu, 23 wakapandikizwa mara moja na 22 wakasubiri kwa matibabu ya kawaida. Kipimo cha mafanikio kilikuwa kikali: baada ya mwaka mmoja mtu awe hana dalili, hatumii dawa yoyote kwa miezi mitatu, na kamera inayopitishwa ndani ya utumbo isione ugonjwa popote. Waliofika hapo ni wawili kwa waliopandikizwa, mmoja kwa waliosubiri. Madhara mazito yalihesabiwa 76 kwa waliopandikizwa na 38 kwa waliosubiri, na mmoja wa waliopandikizwa alifariki. Magazeti yakaandika kwamba imeshindikana. Watafiti hawakukubali moja kwa moja, na walikuwa na hoja: walipowafuatilia wote waliopandikizwa, wakiwemo wale waliosubiri zamu yao, nusu walikuwa na utumbo uliopona kwa macho ya kamera ndani ya mwaka. Kupona kwa nusu ya watu ambao hakuna kitu kilichowagusa kabla si jambo la kupuuza hata kidogo.

Ndipo ukaja ASTIClite, jaribio la Uingereza lililoongozwa na James Lindsay wa London, lenye swali la busara: tukipunguza ukali wa moto, je, tutabaki na faida na kuacha hatari? Walilenga wagonjwa 99. Walifika 23, kumi na tatu upande wa upandikizaji na kumi upande wa matibabu ya kawaida, jaribio likasimamishwa kwa sababu baadhi walianza kupata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, madonge madogo ya damu kuganda kwenye mishipa midogo na figo kushindwa kazi. Wawili kati ya waliopandikizwa walifariki. Na bado, wagonjwa saba wa kundi hilo ambao picha zao za kamera zilisomwa baada ya wiki 24, watatu hawakuwa na kidonda hata kimoja; kwa upande wa pili, kati ya sita, hapakuwa na hata mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Yasome taratibu, maana yamebeba mambo mawili yanayovutana na hakuna haki ya kuchukua moja na kuacha jingine. Njia hii ina nguvu. Pia inaua, na ilipolainishwa haikuacha kuua.

Kuna tawi jingine la habari hii ambalo linachanganywa na hili kila siku, nalo lina funzo lake. Kwa vile vijia vya usaha vya Crohn, kampuni moja ya Hispania ilitengeneza sindano ya seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili ya watu wenye afya, seli milioni 120 kwa dozi, zinazochomwa pembeni ya kijia. Hapa hakuna shamba linalochomwa, ni kutuliza uvimbe mahali pake tu. Jaribio kubwa la kwanza, la watu 212, lilitoka mwaka 2016: nusu ya waliochomwa seli walifungwa vijia, dhidi ya asilimia 34 ya waliochomwa maji ya chumvi. Ulaya ikaidhinisha mwaka 2018 na watu wakashangilia. Likafuata jaribio kubwa zaidi, la watu 568. Safari hii ilikuwa asilimia 48.8 dhidi ya 46.3, yaani sawa na hakuna tofauti, na kabla ya mwaka 2024 kwisha dawa hiyo ikaondolewa kwenye soko la Ulaya. Iliruhusiwa, ilisifiwa, ikapimwa tena, ikaondolewa. Hiyo ndiyo sayansi ikifanya kazi yake, na ndiyo sehemu isiyofika kwenye simu zetu, kwa sababu habari ya kuondolewa haina mtu wa kuisambaza.

Sasa turudi Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Nilialikwa kwenye kikao cha ukoo mmoja, chini ya mwembe, kumhusu kijana wa miaka ishirini na kitu anayeharisha damu kwa mwaka wa tatu. Walikuwa wameanza michango ya kumpeleka nje, na sanduku lilikuwa limeshaingia dola mia nne na kitu, nyingine zimechakaa mpaka benki ingezikataa. Kaka yake aliniuliza, «Yaya, kule Ulaya ni dolari ngapi?» Nikaomba kwanza kuona karatasi. Bahasha ya kaki ilikuwa imevimba. Nilizipanga juu ya kiti cha plastiki kwa tarehe: ordonansi (karatasi za daktari) kumi na moja za metronidazoli, dawa ya amiba, majibu sita ya kipimo cha damu cha Widal yote yakisema tifoidi, choo kilichopimwa mara tano na kuandikwa amiba, vidonge vya minyoo, dripu, na kipindi kimoja cha prednisoloni, dawa ya jamii ya kotisoni inayoshusha kinga, kilichomfanya apate nafuu kwa wiki tatu kisha akaanguka vibaya zaidi. Kamera haikuwahi kupita kwenye utumbo wake. Hakuna kinyama kilichokatwa na kuwekwa chini ya darubini. Hata makohozi hayakuwa yamepimwa, na kijana alikuwa amepungua mpaka saa yake ya mkononi ilipanda hadi karibu na kiwiko. Kwenye karatasi ya juu kabisa mtu alikuwa ameandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri, kwamba huu ni ugonjwa sugu wa utumbo.

Sugu kwa kitu gani? Wagonjwa walioingia ASTIClite walikuwa wamethibitishwa kwa kamera kwamba wana Crohn inayowaka, walikuwa wameshindwa na angalau makundi mawili ya dawa za kibayolojia, na wapasuaji walikuwa wamesema hakuna cha kukata. Neno sugu kwao lilikuwa na ushahidi mezani. Kwa kijana wa Katuba maana yake ilikuwa kwamba metronidazoli imechosha. Na tofauti hiyo inaweza kumuua mtu. Congo ni mojawapo ya nchi thelathini zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn kiasi kwamba hata wataalamu wa India, wanaoyaona yote mawili kila wiki, hukosea: vidonda mahali pale pale, kupungua kwa namna ile ile, homa za jioni zile zile. Kimoja kinatibiwa kwa dawa za miezi sita ambazo hapa nchini hutolewa bure. Kingine kinatibiwa kwa kuishusha kinga. Ukikosea ukampa mwenye kifua kikuu prednisoloni, atapata nafuu ya siku chache, watu watamshukuru Mungu, kisha ugonjwa utatambaa. Infliximabu ilipoanza kutumika sana, taarifa ya mwaka 2001 tayari ilikuwa imekusanya wagonjwa 70 walioamkiwa na kifua kikuu baada ya kupewa. Amiba nayo ina mtego wake: kolitisi ya amiba inayopewa kotisoni inaweza kutoboa utumbo. Fikiria basi mtu wa namna hiyo akifika kwenye siklofosfamidi ya dozi kubwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na iliyo nzito kuliko zote ni ya historia. Watu wa rika langu hawajasahau dawa za ukimwi. Kuanzia mwaka 1996 mchanganyiko wa dawa tatu ulikuwa unawainua wagonjwa vitandani Ulaya na Marekani, huku sisi tukiambiwa ni ngumu mno kwa Afrika. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alisema Waafrika wengi hawajawahi kuona saa maishani mwao, kana kwamba jua la Katanga halijulikani linapotua. Watu walikufa katika miaka hiyo ya kusubiri. Kwa hiyo mtu akisikia tena neno «ni ngumu kwenu», ana haki ya kukunja uso, na mimi ninaukunja pamoja naye. Ila mfano huo, ukiufuata mpaka mwisho, unatupeleka kwingine. Dawa za ukimwi zilikuwa zimethibitishwa na kilichobaki kilikuwa bei na usafiri. Ndiyo maana zilipoletwa zilifanya kazi hapa kama zilivyofanya kule. Upandikizaji kwa Crohn haujathibitishwa hata huko ulikofanyiwa majaribio. Kama tunatafuta dhuluma ya kweli inayofanana na ile ya ukimwi, ipo, na iko ngazi ya chini zaidi: adalimumabu, dawa ndugu ya infliximabu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS, Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2019, na azathioprini imekuwemo. Ulizia kwenye farmasi za hapa mjini uone utakavyotazamwa. Hiyo ndiyo kelele ningependa kuisikia kwenye WhatsApp.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayouza, ni ile inayosema kwamba seli ni za mtu mwenyewe, basi hatari itoke wapi? Inatoka kwenye moto, haitoki kwenye mbegu. Waliofariki hawakuuawa na seli zao. Na hata ile mbegu ina jambo lake: ni mbegu ile ile. Seli za mgonjwa zinarudi na urithi ule ule aliozaliwa nao, ndani ya tumbo lenye bakteria wale wale, na pengine ndiyo sababu ile asilimia 91 ya Chicago ilishuka hadi 19. Madaktari wanaoitetea njia hii hawaiiti tena kuponya. Wanazungumzia kununua muda, na kwamba wengine wakirudiwa huitikia dawa zilizokuwa zimewashinda zamani. Hilo lina thamani yake kwa mtu aliyefika mwisho. Lakini halihusiani kabisa na yule dada aliyenisimamisha soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na vifuko vya unga vyenye picha ya tufaha, vimeandikwa cellules souches, yaani seli shina, dola sitini boksi. «Yaya, hii haina dawa tu, hii iko seli,» aliniambia, na naamini aliamini. Seli shina za damu zikiwekwa akiba zinahitaji nitrojeni kimiminika. Hii ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi. Na seli ya tufaha ikiingia tumboni inafanyiwa kile tufaha hufanyiwa: inameng'enywa. Simlaumu yeye sana, naye ameuziwa na walio ngazi ya juu yake. Ninachosema ni kwamba kila tunapoisambaza ile sauti, tunamfanyia matangazo bila malipo.

Wapo pia wanaoniambia niache, kwamba Crohn ni ugonjwa wa wazungu na huku hauhusiki. Waliwahi kusema hivyo kuhusu kisukari na presha. Kadiri miji inavyokua na vyakula kubadilika, magonjwa haya yanaongezeka katika nchi ambazo zamani hayakutajwa, na Afrika Kusini yamekuwa yakiandikwa kwa miongo. Mahali ambapo kamera hazipitishwi na vinyama havikatwi, ugonjwa hauonekani kwenye hesabu, kisha kutoonekana kwake kunatumiwa kuwa sababu ya kutonunua kamera. Sitaki kukaa sana hapo.

Nitakaa kwenye swali gumu zaidi. Tuseme kijana amethibitishwa kweli, ana Crohn, amepata dawa zote, zimeshindwa, anaishi na mfuko wa kinyesi ubavuni na bado anaoza. Je, si haki yake kujaribu? Ni haki yake, na mtu aliye hapo asisomewe takwimu na sisi tuliokula tukashiba. Ila ajaribu ndani ya utafiti, kwenye hospitali inayohesabu vifo vyake na kuvichapisha, si kwenye kliniki inayojibu barua pepe ndani ya dakika kumi na kutaka malipo kabla ya kuona hata kinyama cha darubini. Dalili ya mtafiti wa kweli ni kwamba anakukataa kwanza. Wale wa Uingereza waliwachuja watu wengi zaidi ya waliowachukua, kisha wakafunga jaribio lao wenyewe walipoona figo zinaharibika. Anayekukubali mara moja, bila kukuuliza kama umepimwa kifua kikuu, huyo anafanya biashara.

Na ikiwa siku moja Congo itajenga chumba cha kupandikiza seli shina, jambo ambalo naliombea, wagonjwa wa Crohn hawatakuwa wa kwanza kwenye foleni na hawapaswi kuwa. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazozaa watoto wengi zaidi wa SS, yaani ugonjwa wa selimundu, duniani. Kwa mtoto wa SS mwenye ndugu wa tumbo moja anayelingana naye, upandikizaji unaweza kuuondoa ugonjwa, kwa sababu mbegu inatoka shamba jingine na haileti ugonjwa ule. Hapo hesabu ya hatari na faida iko upande mwingine kabisa. Tanzania imeanza kuwapandikiza watoto wa namna hiyo kwenye hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023. Haikuangukia hapo kwa ghafla. Ilibidi kwanza kuwe na wauguzi waliofundishwa, benki ya damu isiyotetereka, maabara na umeme. Vitu hivyo vikishakuwepo kwa ajili ya SS, mgonjwa wa utumbo naye atavikuta. Ukivianzisha kwa ajili ya ndoto ya mgonjwa mmoja tajiri, havitamfaa hata yeye.

Kabla ya chumba hicho kuna kazi ya bei ndogo ambayo haina mtu wa kuipigia picha. Kamera moja ya utumbo inayofanya kazi na mtu wa kuiosha vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mashine ya kupima kifua kikuu ambayo tayari mpango wa taifa unaitumia kwa makohozi, itumike pia kwa vinyama vya utumbo. Na mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa darubini, anayelipwa vya kutosha asihamie Ndola au Lusaka, Zambia. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Pesa hizo hazina ruhusa ya kuja Lubumbashi kwa sababu tu ni Lubumbashi, lakini Kolwezi, Fungurume na Kipushi zinazo kamati za kuzisimamia, na nimeona zikijenga kuta na kupaka rangi. Hakuna linalozizuia kulipia pia usomaji wa vinyama. Wanaosema watu hawataelewa matumizi hayo hawajakaa chini ya mwembe wa Katuba na bahasha ile. Nilipomweleza mama wa kijana tofauti kati ya kupeleka mtu Ulaya na kupeleka kinyama chake maabara, alinyamaza kidogo, akamgeukia mtunza sanduku, akamwambia ahesabu tena. Kijana alipitishiwa kamera baada ya siku tisa. Vinyama sita viko kwenye chupa ya formalini yenye jina lake kwa kalamu ya bluu. Majibu bado, na kaka yake ananiandikia kila jioni kuuliza kama wakati wanasubiri anaweza kumnunulia ule unga wa soko la Kenya.